Taji la Ramonda mnalisifia, kofia ya Shumba mnaiombea punguzo

Wadau, leo tuongelee kofia. Ndiyo, kofia.

Black Panther ilipotoka Februari 2018, watu waliingia ukumbini kumuona shujaa, wakatoka wanaongelea nguo. Lile taji pana la Malkia Ramonda, alilovaa Angela Bassett, mpaka leo linazunguka mitandaoni. Na si bahati tu. Ruth E. Carter, mbunifu wa mavazi ya filamu ile, alianzia kwenye isicholo, kofia ya wanawake wa Kizulu walioolewa. Akamshirikisha Julia Körner, mbunifu kutoka Austria, taji likachorwa kwenye kompyuta na kuchapishwa kwa printa ya 3D. Mwaka 2019 Carter akabeba Oscar, mwanamke mweusi wa kwanza kushinda kwenye ubunifu wa mavazi. Mwaka 2023 akarudi kuchukua ya pili kwa Wakanda Forever.

Wengi wetu tukaposti, "Hii ndo Afrika bwana!" Sawa kabisa. Ila kilichobeba taji lile si printa. Printa unanunua tu. Kilicholibeba ni umbo ambalo mikono ya wanawake wa Kizulu ilishalikamilisha zamani, kabla Hollywood haijalijua. Teknolojia ilikuja kuchukua kazi iliyokwisha fikiriwa.

Sasa hapo ndo nataka twende Pemba.

Shumba iko kaskazini ya kisiwa, Wilaya ya Micheweni. Huko, kama kwenye vijiji vingi vya Pemba, kofia ya viua ni kazi ya wanawake. Mtu anapika, analea, pengine anakwenda mwani, na akipata nafasi anakaa kivulini na sindano yake. Kofia ina vipande viwili, duara la juu na mkanda wa kuzunguka kichwa. Ua linachorwa kwanza kwenye kitambaa cheupe. Halafu tundu moja moja linatobolewa na kuzungushiwa uzi kwa mkono. Tundu moja likienda kombo, ua zima linaharibika, na ua moja likiharibika jicho la mjuzi linaliona kutoka ng'ambo ya barabara. Hiyo si kazi ya jioni moja. Ni wiki, na kofia nzito ya maua inakula miezi.

Halafu anakuja mtu na simu ya milioni moja mkononi, anamwambia bibi wa watu, "Mamangu, nipunguzie."

Yaani!

Wenzetu vitu kama hivi wanavitunza vipi? Vile viatu vyekundu alivyovaa Judy Garland kwenye The Wizard of Oz ya mwaka 1939. Kwenye kitabu viatu vilikuwa vya fedha, filamu ikavigeuza vyekundu ili ving'are kwenye picha ya rangi. Ukivikagua, ni viatu vya kawaida vilivyoshonewa vipulu. Lakini jozi moja iliibiwa makumbusho mwaka 2005, ikapatikana 2018, na Desemba 2024 ikauzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 32. Jozi nyingine iko makumbusho ya Smithsonian, na mwaka 2016 watu wa kawaida walichanga zaidi ya dola 300,000 ili isichakae. Kwa viatu! Kwa sababu kuna filamu iliyovipa hadithi, na kuna watu waliokubali kwamba kazi ya mkono ina thamani.

Kofia yetu hadithi inayo. Imevuka bahari, Oman wanayo ndugu yake wa damu, wanaiita kumma, na wanaivaa kwa heshima zote. Filamu nazo tunaanza kuwa nazo. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, iliipeleka Zanzibar ya miaka ya 1950 mpaka tamasha la Toronto mwaka 2021. Kwa hiyo tusiseme hatuna jukwaa.

Tunachokosa ni jina. Utamuona staa mkubwa wa Bongo, simtaji, kwenye video yuko Mji Mkongwe, kanzu imenyooka, kofia imekaa. Chini ya video kaandikwa mpiga picha, aliyempaka mekapu, mwenye gari, mpaka wa drone. Aliyeshona kofia? Kimya. Kwenye Black Panther hata vito vya shingoni tunajua ni kazi ya Douriean Fletcher. Kwetu mama wa Shumba anaitwa "kofia ya Kipemba" basi, kama vile imeota mtini.

Najua mtakachoniambia. "Ya mashine bei rahisi, na hali ni ngumu." Sikatai. Ya mashine ina kazi yake, ivae dukani, ivae kwenye daladala, hakuna atakayekulaumu. Lakini siku ya harusi yako, umekodi ukumbi, umekodi magari, umemlipa MC, halafu kichwani umeweka kofia inayofanana na elfu nyingine kwenye boksi moja? Hapo tatizo si hali ngumu. Hapo umechagua.

Na uchaguzi huo una mtu anayeulipia. Binti wa Shumba anamuona mama yake anakaa miezi na kofia moja, bei inapigwa hadi haitoshi hata daftari na sare za shule. Unadhani atashika sindano? Hatashika, na mimi simlaumu. Siku mikono ile ikiacha, ua linakwenda nalo, kwa sababu mengi hayajaandikwa popote, yako vichwani na vidoleni. Baada ya hapo atakuja mbunifu kutoka mbali, ataona picha ya zamani, atachapisha kofia yetu kwa printa, na sisi tutaposti tena, "Hii ndo Afrika."

Ukipata kofia ya mkono, uliza nani kaishona, lipa bei aliyoitaja, na ukipiga picha mtaje kwa ridhaa yake. Nanyi wa filamu na video, jina la mshonaji liwekwe pale pale lilipo la mwenye drone. Halikuongezeeni gharama hata shilingi.