Nyinyi Mnaangalia Kayaki, Mimi Naangalia Ndoo

Ijumaa jioni tulikuwa Kenyatta Market, watu watano, tunangoja choma ikatwe. Kama unapajua unajua vile huwa: moshi wa nyama upande huu, kina dada wa kusuka wakikuita upande ule, na wewe katikati na njaa yako. Beshte yangu mmoja akatoa simu akatuonyesha video ya jamaa wa California ameketi kwa kayaki, ile mashua nyembamba ya mtu mmoja, anavua halibut karibu na ufuo. Halibut ni samaki bapa, macho yote mawili upande mmoja, na hulala kwa mchanga akingoja chakula kipite juu yake. Jamaa akavuta, samaki akatokea, meza nzima ikapiga kelele. Dakika mbili baadaye watu walikuwa wanapiga hesabu: kayaki ni pesa ngapi, tuipeleke Kisumu, tuvue mbuta, tufungue chaneli.

Mimi nilikuwa nimeangalia ndoo.

Nyuma ya kiti cha huyo jamaa kulikuwa na chombo cha maji chenye pampu ndogo, ndani samaki wadogo wakiwa hai. Na ukisikiliza vizuri, sehemu kubwa ya video aliongea juu ya hao wadogo tu: achague yupi, wa ukubwa gani, ndoano ipite wapi ili asife haraka. Kayaki hakuitaja sana. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sawa, lakini mchagua chambo ndiye mvuvi.

Maoni yangu ni haya, na najua wengine mtanikasirikia: sisi vijana wa Nairobi tunapenda kuongea juu ya samaki wa Ziwa Victoria, bei yake, ladha yake, mara ati samaki wa China wametujazia soko. Lakini hatuulizi huyo mbuta alivuliwa na chambo gani. Na hapo ndipo shida iko.

Nieleze kidogo. Mbuta, yule Watanzania wanaita sangara, ni mwindaji. Anataka kitu kinachosonga. Ndiyo maana wavuvi wengi wa ndoano wanamtega na samaki hai. Wanaweka kamba ndefu majini jioni, mamia ya ndoano, kila ndoano na samaki wake mdogo, halafu asubuhi wanarudi kuinua. Chambo kikifa mapema, kamba yako imelala bure usiku mzima.

Sasa chambo ni gani? Kuna fulu, wale samaki wadogo wa ziwa. Mbuta anawapenda, lakini fulu ni dhaifu, ndani ya ndoo anakufa haraka. Halafu kuna watoto wa mumi, yaani kambare. Huyo ni mgumu. Mumi anaweza kupumua hewa ya juu, si lazima ategemee maji peke yake, kwa hivyo anavumilia safari kwa ndoo na anaendelea kujitikisa kwa ndoano masaa mengi. Ukiuliza mvuvi atakuambia mumi.

Swali ni, hao mumi wadogo wanatoka wapi?

Hapa naomba nikiri kitu. Desemba nilikuwa kwetu Homa Bay, ufuo fulani, nikapata vijana wadogo wanavuta neti ya mbu kwa matope, kwenye mafunjo. Wanacheka, wanaimba, ndoo inajaa samaki wadogo. Nikarekodi. Nikaandika “utoto mtamu,” nikaweka muziki, nikaposti. Ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuweka. Jioni nikamwonyesha baba mdogo, ambaye amevua tangu nikiwa sijazaliwa. Hakucheka. Nikamuuliza, “Baba mdogo, kwani kuna shida gani?”

Akaniambia, “Mtoto wangu, angalia hiyo ndoo tena. Unaona mumi wangapi?”

Nikasimamisha video nikahesabu. Mumi walikuwa wachache. Waliobaki walikuwa watoto wa ngege na samaki wengine wadogo hata siwajui majina, wengi washageuza tumbo juu. Neti ya mbu haichagui. Na hayo mafunjo ndiyo chumba cha kulelea watoto wa samaki. Wanajificha humo mpaka wakue. Ukipitisha neti ya mbu hapo kila siku, unatafuta chambo cha leo kwa kumaliza samaki wa mwaka ujao.

Ile video niliitoa. Iliniuma, siwezi danganya. Views zilikuwa zinapanda.

Najua mtasema nini. Kwanza: “Mbuta mwenyewe ni mgeni, aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akala fulu mpaka aina nyingi zikapotea, kwa hivyo mbona tumhurumie?” Ni kweli aliletwa, na ni kweli alikula. Lakini hapa simtetei mbuta. Naongea juu ya ngege na hao fulu waliobaki, ambao sasa wanakufa kwa ndoo ili mbuta apatikane. Wamepigwa na mbuta, tena wanapigwa na neti.

Pili: “Wewe uko Nairobi unakula choma, mvuvi atatoa wapi pesa ya kununua chambo?” Hii ni hoja ya maana. Chambo cha mafunjo ni bure, au karibu bure. Lakini jibu lipo tayari: mumi wa kufugwa. Tangu miaka ya 2000 kuna wafugaji magharibi mwa Kenya wanaozalisha vifaranga vya mumi kwa kidimbwi na kuwauzia wavuvi kama chambo. Wote wa saizi moja, wote wazima, hakuna mtoto wa ngege ndani. Kazi yenyewe si rahisi: vifaranga vya mumi hulana wenyewe kwa wenyewe, lazima uwatenganishe wakubwa na wadogo kila mara. Lakini ni kazi. Yule kijana wa neti angeweza kuwa na kidimbwi.

Na pesa itoke wapi? Itoke kwa anayekula minofu. Mbuta akifika kiwandani, minofu inakatwa, nyingi inaenda ng’ambo. Sisi huku tunabaki na mgongo wazi, ule mfupa wenye kichwa unakaangwa Kibera, dakika chache kutoka hapa Kenyatta. Kama kiwanda kinataka mbuta kesho, kisaidie kuweka vidimbwi vya chambo karibu na fuo leo. Kaunti za ziwa nazo zifanye hivyo hivyo. Kenya ina asilimia 6 tu ya hilo ziwa. Hatuna maji ya kuchezea.

Sisi walaji pia tuna kazi, na haihitaji kayaki. Nchi tatu za ziwa zilikubaliana mbuta avuliwe akiwa kati ya sentimita 50 na 85: chini ya hapo hajazaa, juu ya hapo ni mama mkubwa mwenye mayai mengi. Yule jamaa wa California pia ana kipimo chake, halibut chini ya kama sentimita 56 anarudishwa majini. Wewe pima na mkono. Kiwiko mpaka ncha ya kidole ni kama sentimita 45 kwa watu wengi. Mbuta mzima akiwa mfupi kuliko hapo, huyo ni mtoto. Mwambie muuzaji kwa heshima, “Mama, huyu ni mdogo, nipe mwingine.” Wateja kumi wakisema hivyo kwa wiki, ujumbe utafika Gikomba, na kutoka Gikomba utafika ziwani.

Na kwa wenzangu wa kurekodi: mkienda ziwani, msituletee tu mbuta mkubwa ameinuliwa juu. Geuza kamera, tuonyeshe ndoo.

Beshte yangu bado anatafuta kayaki. Nimemwambia nitachanga, ila kwanza aniambie chambo atanunua kwa nani. Bado hajajibu. Wewe je, ungemjibu aje?