Mashine Isichukue Nafasi ya Mtu



Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na jirani zetu wa Nachingwea wakawa miongoni mwa walioguswa nao. Zililetwa trekta, baadhi zikiwa zimeundwa kutokana na vifaru vya vita, na reli ikajengwa kutoka pwani. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30. Trekta haikuwa na dhambi. Waliopanga waliamini hesabu za mezani na nguvu za injini kuliko ujuzi wa mkulima aliyeujua udongo wake na mvua zake.

Leo mikorosho yetu inapuliziwa salfa kwa mashine, minada ya korosho imeingia katika mfumo wa kidijitali tangu msimu wa 2024/25, na malipo yanapokelewa kwa simu. Tunamshukuru Mungu kwa haya yote. Hata hivyo, tunajiuliza: mzee asiyeweza kusoma ujumbe wa malipo yake, nani anakaa naye na kumsomea kwa subira?

Tutazame pia misiba yetu. Rambirambi inatumwa kwa simu, na mtumaji aliye kitongoji cha pili anahesabu kwamba amekwisha kuzika. Fedha imefika, mtu hakufika. Aliye Dar es Salaam tunamwelewa. Kwake simu ni baraka. Lakini mfiwa hafutwi machozi na muamala, wala kaburi halichimbwi na ujumbe.

Papa Yohane Paulo II alifundisha katika waraka wake wa 1981, *Laborem Exercens*, kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi. Nayo mashine ni vivyo hivyo. Papa Leo XIV, alipochaguliwa mwaka 2025, alieleza kuwa jina lake linahusiana na swali hilihili la heshima ya mtu katika zama za akili mnemba.

Basi, jumuiya ndogondogo zetu zianze hapa: penye msiba, mchango uandamane na miguu, penye mzee, kila ujumbe wa malipo upate msomaji mwaminifu. Neno wa Mungu hakututumia ujumbe tu. Alitwaa mwili akakaa kwetu.

Mungu awabariki nyote.