Hesabu za ATCL Ziwafikie Wafanyakazi Wake

Taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali iliyotangazwa mwaka 2025 ilionyesha kwamba Kampuni ya Ndege Tanzania, ATCL, ilipata hasara ya shilingi bilioni 91.8 katika mwaka wa fedha 2023/24. Mwaka uliotangulia hasara ilikuwa shilingi bilioni 56.6, na mwaka uliotangulia huo ilikuwa bilioni 35.2. Hasara hiyo ya mwisho, ambayo ni kama shilingi milioni 250 kwa kila siku ya mwaka, ilipatikana baada ya Serikali kuipa kampuni ruzuku ya shilingi bilioni 99.8. Bila ruzuku, shimo lingekuwa refu zaidi.

Usafiri wa anga ni miongoni mwa mambo ya Muungano. Kwa hiyo fedha hizi ni za mvuvi wa Mkoani na mkulima wa karafuu wa Wete kama zilivyo za mtu wa Dar es Salaam. Sisi wa visiwani tunaijua thamani ya chombo cha kuvukia, na tunajua adha ya kukaa ukingoni kukingoja chombo kisichokuja. Ndiyo maana leo tunapenda kuzitazama hesabu hizi kwa macho ya wenzetu walio mbali kabisa na bahari, wananchi wa Kasulu na Kibondo katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Wao nao, kwa namna yao, wanaishi kisiwani.

Mgonjwa wa Kibondo anayepewa rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa, Maweni, husafiri zaidi ya kilomita 200 kwa barabara mpaka afike Kigoma mjini. Akielekezwa Bugando au Muhimbili, safari ndiyo kwanza imeanza. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 na imewafaa watu wengi, lakini treni si chombo cha mgonjwa mahututi. Viwanja vidogo vya ndege vipo Kasulu na Kibondo, ila wenyeji wamevizoea zaidi kwa ndege ndogo za mashirika yanayohudumia wakimbizi wa Burundi na Kongo, wale wa kambi za Nyarugusu na Nduta. Ndege ya taifa huishia Kigoma mjini. Hivyo mkulima wa maharage wa Kasulu huilipia ndege ambayo hajapata kuiona ila ikipita juu, tena hulipa bila kunung'unika sana, kwa kuwa ameambiwa kwamba iko siku itamfaa.

Hatupendi kuwaonea wakuu wa ATCL. Baadhi ya sababu wanazotoa ni za kweli. Ndege zao aina ya Airbus A220, ambazo za kwanza zilipokewa Desemba 2018 na Januari 2019, zilisumbuliwa na injini za Pratt & Whitney hata nyingine zikalazimika kuegeshwa kwa muda mrefu. Tatizo hilo halikuwa la Tanzania peke yake. Mashirika tajiri ya Ulaya yalilia kilio hicho hicho, na EgyptAir iliamua kuziuza A220 zake zote 12. Ndege iliyoegeshwa haina mapato, lakini bima, mishahara na matengenezo huendelea kudai. Tena ndege hizo zilinunuliwa na Serikali na kukodishwa kwa ATCL kupitia Wakala wa Ndege za Serikali, na kwa hiyo kampuni ilibeba mzigo wa kodi na matunzo ya mali isiyokuwa yake. Hata mwenye duka hodari angetaabika kwa masharti ya namna hiyo.

Lakini injini mbovu hazielezi kila kitu. Mwaka 2019/20, kabla ya tabu hiyo ya injini kupamba moto, hasara ilikwisha kufika shilingi bilioni 60, ingawa ni kweli kwamba miezi ya mwisho ya mwaka ule iliangukia katika maradhi ya UVIKO-19. Baada ya hapo ndege ziliongezwa. Ilikuja ya mizigo aina ya Boeing 767 mwaka 2023, zikaja Boeing 737 MAX, na mwaka 2024 ikaongezwa Boeing 787 nyingine. Kila ndege ilipotua palikuwa na ngoma, hotuba na maji ya kuimwagia. Hasara nayo ikazidi kukua. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukaitia ATCL katika orodha ya mashirika yaliyozuiwa kuruka katika anga lake, na Juni 2025 zuio hilo likapanuliwa kwa mashirika yote yaliyosajiliwa nchini. Mkakati ambao jibu lake kwa kila swali ni ndege nyingine unastahili kuhojiwa, na mtu wa kwanza mwenye haki ya kuuhoji ni yule anayefanya kazi ndani yake.

Wako watakaosema kwamba mfanyakazi mwenye shaka ni mvivu au mchochezi. Shaka ya mfanyakazi wa ndege katika nchi hii haikuzuka tu; imelelewa na historia. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilikufa pamoja nayo, na waliolitumikia wakahangaikia mafao yao hadi miaka ya 2000, mahakamani na hata barabarani Dar es Salaam, wengine wakafa wakingoja. ATC iliundwa mwaka huo huo wa 1977, ikaja kuwa na Boeing 737, Fokker Friendship na Twin Otter, hizo za mwisho zikiwa ndege ndogo zilizomudu viwanja vya udongo. Walioajiriwa waliambiwa kwamba sasa shirika ni letu wenyewe. Mwaka 2002 wakaambiwa kwamba dawa ni mbia, na asilimia 49 ya hisa zikauzwa kwa Shirika la Ndege la Afrika Kusini. Mwaka 2006 wakaambiwa kwamba mbia ndiye aliyekuwa ugonjwa, na ndoa ikavunjwa.

Yaliyofuata yanatia simanzi zaidi. Ilikodishwa Airbus A320 ambayo ilifanya kazi miezi michache tu, kisha ikapelekwa Ufaransa kwa matengenezo na kuacha deni la mamilioni ya dola, Serikali ikiwa mdhamini. Desemba 2008 kampuni ilinyang'anywa cheti cha kuendeshea ndege, na hakikurejeshwa mpaka mwezi uliofuata. Aprili 2012, huko huko Kigoma, ndege yake aina ya Dash 8 ilipata ajali ilipokuwa ikiruka. Tunamshukuru Mungu kwamba wote waliokuwamo walinusurika, lakini ndege haikufaa tena, na safari za shirika zima zikayumba kwa kuwa hapakuwa na akiba. Fundi au mhudumu aliyeyaona yote hayo, na ambaye mwaka 2016 alishangilia kwa dhati Dash 8 mbili mpya, hawezi kulaumiwa akiuliza mpango wa safari hii unatofautianaje na ile iliyopita.

Majirani zetu wa Kenya wana funzo katika jambo hili, zuri na baya. Shirika lao la Kenya Airways lilipata hasara ya shilingi za Kenya bilioni 25.7 katika mwaka ulioishia Machi 2015 na bilioni 26.2 mwaka uliofuata, baada ya kukopa sana ili kupanua safari na kuongeza ndege. Chama cha marubani, KALPA, hakikunyamaza. Mwaka 2016 kilidai hadharani kwamba wakuu wa shirika waondoke, na mwenyekiti wa bodi akabadilishwa mwaka huo. Novemba 2022 marubani hao waligoma, na abiria wasiokuwa na hatia wakateseka viwanjani. Mwaka 2024 shirika lilitangaza faida ya shilingi za Kenya bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi, kisha nusu ya kwanza ya mwaka 2025 likarudi katika hasara ya bilioni 12, ndege zake kubwa zikiwa zimeegeshwa. Hatuwaombei wafanyakazi wetu mgomo. Tunachosema ni kwamba Nairobi mabishano kuhusu mkakati yalifanyika mbele ya watu, na tarakimu zilikuwapo za kubishania.

Hapa kwetu njia ya kuepuka mgomo ilibuniwa zamani. Waraka wa Rais wa mwaka 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukakemea ubwana wa viongozi kazini. Mabaraza yangalipo. Tatizo ni kwamba katika mashirika mengi yamekuwa mahali pa kusomewa bajeti iliyokwisha kupitishwa, kupiga makofi, kunywa soda na kupiga picha na mgeni rasmi. Baraza la namna hiyo haliwezi kumwambia mkurugenzi kwamba njia fulani inakula fedha, hata kama fundi na mkata tiketi wote wanalijua.

Tunaitaka Wizara ya Uchukuzi iiagize ATCL ipeleke mbele ya baraza la wafanyakazi wake, na kisha mbele ya Bunge, hesabu ya kila njia peke yake: Mumbai na Guangzhou kando, Unguja kando, Kigoma kando. Leo hasara zote hutiwa katika chungu kimoja, na hapo ndipo hofu yetu ilipo. Siku mikakati itakaposhindwa na amri ya kubana matumizi ikatoka, kalamu nyekundu haitaanza na safari ya Bara Asia yenye fahari. Itaanza na Kigoma, na mgonjwa wa Kibondo ataambiwa kwamba njia yake haina faida. Huenda ni kweli kwamba haina. Basi Serikali ikiona njia hiyo ni huduma ya lazima, kama meli ya kwenda Pemba ilivyo huduma ya lazima, itenge fedha zake waziwazi, kwa jina lake, ili hasara ya fahari isije ikajificha nyuma ya mgonjwa.

Mkataba wa ukodishaji baina ya ATCL na Wakala nao uwekwe mezani humo humo. Marubani na mafundi wanajua ni ndege ipi iliegeshwa kwa siku ngapi na kwa kukosa kipuri gani. Waulizwe, na majibu yao yaandikwe kabla ya ununuzi mwingine kutiwa saini.