Ngoma zetu wanazipenda, maswali yetu je?

Wasee, wiki ya utamaduni kwa kampasi za Kenya ni ile ile kila mwaka. Wapigaji ngoma wa Chuka wanakuja na ngoma zao ndefu, Waluhya wanatingisha jukwaa na isukuti, Wakalenjin wana mursik, watu wa Pwani wana mahamri. Mkuu wa chuo anavishwa shuka, anacheza hatua mbili, anapigwa picha. Kesho yake picha iko kwa ukurasa wa chuo: tunasherehekea utofauti wetu. Sina shida na hiyo siku. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, na hiyo ndiyo siku bado naitamani. Chakula hasa.

Shida yangu ni siku inayofuata. Sema yule Mkamba aliyeshangiliwa jana akiruka, leo ameandika barua kuuliza pesa za maktaba zilienda wapi. Anaitwa kwa kamati ya nidhamu. Jana alikuwa utamaduni, leo ni mchochezi.

Katiba ya 2010 iko wazi. Kifungu cha 44 kinakupa haki ya lugha yako na utamaduni wako. Kifungu cha 37 kinakupa haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa wenye mamlaka, kwa amani na bila silaha. Vyuo vinapenda cha 44 hadi vinakipangia bajeti. Cha 37 kikitajwa, lango linafungwa na lori ya polisi inasimama nje.

Mfano uko jirani hapa, Nchiru, barabara ya Meru kwenda Maua. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, 27 Februari 2018. Wanafunzi walikuwa wanaandamana, karo ikiwa kati ya malalamiko yao. Polisi wakaja. Katibu mkuu wa chama cha wanafunzi, Evans Njoroge, alipigwa risasi akafa.

Hebu mwangalie huyo kijana kwanza. Njoroge ni jina la Kikuyu. Makomredi walimwita Kidero, jina la mwanasiasa Mjaluo aliyekuwa gavana wa Nairobi, Evans kama yeye. Na uongozi wake ulikuwa Umeruni, kati ya wanafunzi waliotoka kila kona ya nchi. Huo utofauti hakuna aliyeupangia jukwaa wala shuka. Kijana wa Kikuyu, jina la utani la Kijaluo, anawasemea makomredi Umeruni. Manze, kama kuna kitu kampasi ingesherehekea, ni hicho. Kiliishia kaburini.

Najua kuna mtu ameshaanza kunijibu: makomredi ni wahuni, wanarusha mawe, wanavunja vibanda vya akina mama. Kuna wanaofanya hivyo, na mama mboga hana deni lolote na ofisi ya karo. Ukirusha jiwe umejitoa mwenyewe kwa kifungu cha 37. Lakini jibu la jiwe ni korti, halijawahi kuwa risasi. Na wengi hawana hata jiwe, wana bango tu. Sheria inataka polisi waarifiwe siku 3 hadi 14 kabla ya maandamano. Waarifiwe, si waombwe ruhusa. Hiyo ndiyo ingefundishwa wiki ya kukaribisha wageni chuoni, kabla mtu aonyeshwe kantini.

Halafu kuna uchaguzi. Sheria ya vyuo vikuu ilibadilishwa 2016, wanafunzi wakaacha kuchagua viongozi wao moja kwa moja. Sasa wanachagua wajumbe, wajumbe wanachagua viongozi. Ina zuri lake: mwenyekiti akiwa mwanaume, naibu lazima awe mwanamke, na kinyume chake. Walioitetea walisema itapunguza fujo na ukabila. Kwangu ni hesabu rahisi. Wajumbe wachache unaweza kuwaita chumba kimoja, ukawagawa kikabila na kuwanunulia nyama choma. Wanafunzi elfu kumi utawanunulia nyama ya wapi?

Huku kwetu Embu ukabila wa kampasi hutuchekesha. Mtu wa Kanja na mtu wa Mbeere wakiwa nyumbani wanabishana mpaka jioni nani anakula kaunti. Wakifika chuo Nairobi wote ni "watu wa mlima", wanapewa wimbo mmoja waimbe. Lakini Agosti 2021 hatukucheka. Ndugu wawili wa Kianjokoma, Benson Njiru wa miaka 22 na Emmanuel Mutura wa miaka 19, wote wakiwa bado masomoni, walikamatwa na polisi kwa kafyu, wakapatikana mochari. Watu walijaa barabarani, na hakuna aliyeuliza mwenzake ni Muembu, Mmbeere au Mkamba. Juni 2024 pia, kizazi chetu kilipojiita kisicho na kabila, hakikuwa ukumbini kikipiga makofi.

Kwa hivyo wiki ya utamaduni iendelee, na mahamri yaje mengi. Ila kwa programu, kati ya isukuti na ngoma za Chuka, wekeni nusu saa. Mkuu wa chuo akae mbele na shuka lake, maiki iwe wazi, mwanafunzi yeyote aulize chochote kuhusu karo, hosteli au uchaguzi, na mtu wa usalama asiandike jina la mtu. Swali la kwanza liwe la Evans Njoroge.