Watoto Wasiambiwe na Jirani

WAPO wazazi ambao wakiona filamu ya watoto imeanza huinuka na kwenda zao, wakidhani kwamba hapo hapana la kuwahusu. Tunawashauri wasiharakishe kuondoka inapoonyeshwa "Spy Kids", filamu iliyotungwa na kuongozwa na Robert Rodriguez na kutolewa Marekani mwaka 2001. Vichekesho vyake ni vya watoto, lakini somo lake ni la wazazi.

Gregorio na Ingrid Cortez walikuwa majasusi wa pande mbili zenye uhasama, na kila mmoja alitumwa kumuua mwenzake. Badala ya kuuana wakapendana, wakaoana, wakaiacha kazi hiyo ya hatari na kulea watoto wawili, Carmen na Juni. Watoto hawakuambiwa ukweli. Mama aliwasimulia kisa cha majasusi wawili waliopendana, lakini kama hadithi ya kulalia tu, bila kuwaambia kwamba wahusika wake ni yeye na baba yao.

Wazazi hao walipoitwa tena kazini na kutekwa, siri ilifichuka kwa pupa, adui akiwa tayari amefika nyumbani. Wala haikutoka kinywani mwa baba au mama. Aliyeisema ni Felix, ambaye watoto walimjua kuwa ni mjomba wao, na papo hapo wakaelezwa kwamba hata ujomba huo haukuwa wa kweli. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Tunaifahamu hoja ya wazazi wa namna hiyo. Zipo siri za kazi zenye kiapo, na yapo mambo ambayo mtoto mdogo hana uwezo wa kuyabeba. Hoja hiyo ni nzito, nasi hatuipuuzi. Lakini kusubiri mtoto apevuke ni jambo moja, na kunyamaza daima ni jambo jingine.

Ni wachache sana kati yetu wenye ujasusi wa kuficha. Walio wengi wanaficha ndoa ya kwanza, kifungo cha zamani, deni, au mtoto aliyezaliwa nje. Mambo haya hayakai gizani milele. Mzazi asipoyasema yeye kwa upole, yatasemwa na jirani siku ya ugomvi, au na jamaa katika kikao cha kugawana urithi. Hapo mtoto hupata majonzi mawili: la habari yenyewe, na la kutambua kwamba watu wote walijua isipokuwa yeye.

Tena siri huambukiza. Katika filamu hiyo Carmen naye alikuwa akitoroka shule bila wazazi kujua. Nani atamlaumu, ikiwa nyumba nzima ilijengwa juu ya kufichana? Anayepanda siri asishangae kuvuna siri.

Kwa upande mwingine, filamu yaonyesha nguvu ya mtoto anayejijua. Carmen na mdogo wake wafikapo kwenye nyumba ya maficho, mlango wafunguka kwa Carmen kutaja jina lake kamili, tena jina refu kweli kweli. Adui naye ametengeneza roboti zenye sura za watoto, zinazotii kila amri. Lakini wanaowaokoa wazazi si wale watiifu wasio na moyo. Ni Carmen na Juni, wanaogombana na kuuliza maswali.

Rodriguez mwenyewe ni mzaliwa wa Texas, wa familia yenye asili ya Meksiko, naye hakuificha asili hiyo. Aliifanya familia ya Cortez kuwa ya Walatino katika filamu iliyokusudiwa watoto wa kila namna, na watazamaji wakaipokea kwa wingi, hata ikafuatwa na nyingine mwaka 2002 na 2003.

Kwa hiyo tunawasihi wazazi wakae na watoto wao, wacheke pamoja nao, na filamu ikiisha wasikimbilie kulala. Mtoto akiuliza, "Baba, nawe ulikuwa nani kabla yangu?" asifukuzwe. Apewe jibu la kweli kwa kadiri ya umri wake, na lililobaki aahidiwe. Ahadi hiyo nayo itimizwe, kabla jirani hajaitimiza kwa niaba yetu.