Ningekuwako au Ningalikuwako? Sharti, Wakati na Wajibu wa Mshairi

Kijana mmoja mshairi alinisimulia kisa ambacho kimenikaa moyoni. Mama yake alifariki yeye akiwa masomoni ng'ambo, wala hakuwahi mazishi. Akatunga shairi la maombolezo, na katika ubeti wa tatu akaandika mshororo huu:

Ningekuwako nyumbani, ningekushika mkono.

Miezi kadhaa baadaye alialikwa kusoma mbele ya hadhira isiyojua Kiswahili. Muda ulikuwa mfupi, akachagua beti chache tu, na katika hizo neno kifo halikutajwa. Mshororo ule akautafsiri mwenyewe: "If I were at home, I would hold your hand." Usomaji ulipokwisha, bibi mmoja alimfuata, akamshika bega, akamwambia kwa upole kwamba anamwombea apate likizo upesi akamwone mama yake.

Kijana alidhani Kiingereza chake ndicho kilichomwangusha. Mimi nasema sivyo. Kiingereza chake kilikuwa sahihi kabisa. Kilitafsiri kwa uaminifu kile kilichoandikwa. Kosa lilizaliwa kabla ya tafsiri, katika Kiswahili chake mwenyewe, pale alipoandika -nge- mahali palipostahili -ngali-. Mama aliyekwisha kuzikwa akarudishwa miongoni mwa walio hai kwa kiambishi kimoja.

Kwa muda mrefu nimesikia wanafunzi na hata walimu wakilalamika kwamba sentensi za masharti za Kiingereza ni ngumu. Hukaririwa kwa nambari, ya kwanza, ya pili, ya tatu, kama vituo vya basi, na mtihani ukipita nambari zote husahaulika. Rai yangu ni kwamba Mswahili hana haja ya kuanzia kwenye nambari. Lugha yake imekwisha kumpa ramani. Lakini ramani hiyo haimfai kitu ikiwa yeye mwenyewe ameacha kuisoma.

Tuitazame. Kiswahili humtaka msemaji ajiulize kwanza: je, jambo hili bado linawezekana? Likiwa linawezekana, hutumika -ki-. Methali zetu zimejaa mfano: maji yakimwagika hayazoleki, usipoziba ufa, utajenga ukuta. Hiyo -sipo- ya methali ya pili ni ukanusho wa -ki-, na ndiyo maana wageni hutatizwa nayo, kwa kuwa sura yake haifanani na mzazi wake. Ikiwa jambo ni la kuwazwa tu, haliko sasa ingawa mawazo yanaweza kulifikia, hutumika -nge-: ningekuwa na fedha, ningejenga. Na ikiwa wakati wake umekwisha kupita wala haurudi, hutumika -ngali- au ndugu yake -ngeli-: ningalikuwa na fedha mwaka ule, ningalijenga. Msemaji wa kwanza ameacha mlango wazi, wa pili ameurudisha bila kuutia komeo, na wa tatu amesimama mbele ya mlango ambao hautafunguliwa tena.

Kiingereza hufika mahali hapo hapo kwa njia nyingine. Hakina kiambishi maalumu cha sharti lisilo la kweli, kwa hiyo huazima wakati uliopita. Kitenzi hurudishwa hatua moja nyuma, si kwa sababu tendo lilikuwa jana, bali kwa sababu liko mbali na ukweli. Ndiyo maana mwanafunzi hushangaa kuona "If I had money, I would build a house" ikisemwa na mtu anayezungumzia leo. Lile "had" halina jana ndani yake, lina umbali. Hata heshima ya Kiingereza hupita njia hiyo: mtu husema "I wanted to ask you" ilhali anataka kuuliza sasa hivi, kwa kuwa anajiweka mbali kidogo ili asimbane mwenziwe. Na jambo likiwa mbali na ukweli na pia limepita, kitenzi hurudi hatua ya pili: "If I had had money, I would have built a house." Mwenye kulielewa jambo hili la hatua hahitaji tena kukariri nambari.

Nichukue mvua na mto, tuone lugha mbili zikitembea bega kwa bega. Mvua ikinyesha, mto hufurika: "If it rains, the river floods." Hiyo ni desturi ya kila mara, na Kiingereza hutumia wakati uliopo pande zote mbili. Mvua ikinyesha kesho, mto utafurika: "If it rains tomorrow, the river will flood." Hapa upande wa sharti hauchukui "will", ijapokuwa kesho yenyewe imetajwa, na Mswahili hana sababu ya kushangaa, maana hata -ki- yetu haibebi wakati ujao. Mvua ingenyesha sasa, mto ungefurika: "If it rained now, the river would flood." Mvua ingalinyesha jana, mto ungalifurika: "If it had rained yesterday, the river would have flooded." Sentensi nne, na kila moja ina jirani yake upande wa pili.

Ikiwa ujirani ni wa karibu kiasi hicho, mbona tunakosea? Mojawapo ya sababu kubwa, naamini, ni kanuni tuliyofunzwa darasani: kiambishi kinachotumika upande mmoja lazima kitumike na upande wa pili. -Nge- na -nge-, -ngali- na -ngali-, -ngeli- na -ngeli-. Mwanafunzi akiandika vinginevyo hukatwa alama. Kanuni hiyo ina busara yake, kwa maana huzuia mchanganyiko wa ovyo. Lakini ina madhara mawili ambayo hayasemwi.

La kwanza humfuata mwanafunzi hadi kwenye Kiingereza. Amezoea ulinganifu: ningalijua, ningalikuja. Basi naye husema "If I would have known, I would have come," akitia "would" pande zote mbili, kama alivyofunzwa kutia -ngali- pande zote mbili. Mwalimu humsahihisha mara mia bila kumweleza chanzo. Angeambiwa neno moja tu lingemtosha: Kiswahili huvalisha vitenzi vyote viwili nguo moja, ilhali Kiingereza huvipa nguo mbili. Katika Kiingereza sanifu, sharti huvaa wakati uliopita, "had known", na "would" ni vazi la matokeo peke yake.

Madhara ya pili hutupata katika Kiswahili chenyewe. Maisha hayafuati kanuni ya ulinganifu. Mara nyingi sharti hukaa jana na matokeo hukaa leo. Mkulima anayetazama ghala tupu husema: mvua ingalinyesha mwezi uliopita, leo tungekuwa na mahindi. Kiingereza humkubalia bila ubishi: "If it had rained last month, we would have maize today." Sharti limefungwa na wakati, lakini njaa ni ya leo, na tungekuwa ndilo neno linaloibeba. Je, tumwambie mkulima huyu kwamba amekosea sarufi? Mimi nasema hajakosea. Ametumia viambishi viwili kwa sababu ana nyakati mbili. Kinachostahili kukatwa alama ni kuchanganya bila sababu, kama vile ungesoma jana ungalifaulu, ambapo wakati ni mmoja na kiambishi kimojawapo kimepotea njia.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa kwamba lugha hukua, kwamba wasemaji wengi leo hutumia -nge- kwa yote na wanaelewana, kwamba -ngali- imebaki kwa wazee na vitabu. Ni kweli kwamba sokoni au kwenye daladala hakuna anayepotea. Mtu akisema ningekuja jana, neno jana linatosha kuutaja wakati, na uso wake unaonyesha majuto yaliyosalia. Sina ugomvi na mazungumzo. Ugomvi wangu ni na ushairi, maana ushairi hauna uso wa msemaji wala aghalabu hauna jana. Ubeti husimama peke yake mbele ya mgeni, na kila kisichobebwa na neno hakibebwi na kitu kingine. Yule bibi aliyemshika kijana bega hakuwa na kosa: alisikiliza maneno, na maneno yalimwambia kwamba mama yu hai.

Wengine watajitetea kwa mizani. -Nge- ni mizani moja na -ngali- ni mbili, na kipande cha mizani nane hakipanuki kwa ajili ya sarufi. Utetezi huu ni mwepesi. Mshororo wa kijana wetu ulihitaji marekebisho madogo tu:

Ningalikuwa nyumbani, ningalishika mkono.

Hesabu: nane na nane, na kina cha kati na cha mwisho ni vile vile. Kilichotolewa ni -ko na -ku-, vitu ambavyo muktadha wa ubeti uliweza kuvibeba. Kilichoingia ni kifo cha mama. Sasa tafsiri nayo hujinyosha yenyewe: "Had I been at home, I would have held your hand." Bibi yule angaliyasikia maneno haya, asingalitaja likizo, labda angalinyamaza tu.

Tazama pia lile "Had I been". Kiingereza, kikitaka kuwa cha fasihi, huweza kuangusha "if" na kutanguliza kitenzi: "Had I known", "Were I a king". Mswahili hana haja ya kugeuza chochote ili afikie ufupi huo. Ningalijua ni neno moja, nalo lina sharti, nafsi, wakati na majuto. Ndiyo maana naona kama tunayoitanguliza siku hizi, kama ningejua, kama ningekuwa, aghalabu ni ya ziada. Kitenzi kimekwisha kulibeba sharti. Kama hula mizani mbili bure. Anayetaka kusisitiza analo lau na analo laiti, maneno tuliyopokea kutoka Kiarabu, ambako vilevile huhusika na yasiyokuwa na yanayotamaniwa.

Nisiwe mtu wa kukisifu Kiswahili tu. Kuna mahali ambapo Kiingereza kinatufunza uangalifu. -Ki- yetu haitofautishi lenye shaka na lenye hakika. Anayeondoka akasema nikirudi nitakuoa, je, ameahidi kurudi au ameliweka jambo rehani? Kiingereza kingemlazimisha achague: "if I return" au "when I return". Kiswahili kinamruhusu ajifiche, na mshairi wa mapenzi anaweza kuupenda utata huo. Lakini autumie kwa kujua. Akitaka ahadi, analo nitakaporudi, na msichana anayebaki nyuma ana haki ya kudai hilo -po-.

Kwa anayetaka kujizoeza, nashauri asianze na vitabu vya mazoezi. Achukue jambo moja la maisha yake, dogo tu, kama basi lililomwacha au barua ambayo hakuijibu. Aliandike kwa -ki-, kisha -nge-, kisha -ngali-, kisha kwa sharti la jana na matokeo ya leo. Halafu ageukie Kiingereza, na kabla ya kila sentensi ajiulize maswali matatu: jambo hili bado linawezekana? Sharti ni la lini? Matokeo ni ya lini? Majibu yakiwa wazi katika Kiswahili, Kiingereza hakitamsumbua sana. Yasipokuwa wazi, hakuna nambari itakayomwokoa.

Nami nimejipa zoezi hilo hilo kwa ubeti mmoja, nikijaribu kuviweka viambishi vyote vitatu mahali pake:

Ningalijua mapema, singalikwenda safari,
Ningaliketi na mama, usiku hadi fajiri,
Leo ningelala vyema, moyo ungekuwa shwari,
Nikijaliwa uzima, ahadi sitaghairi.

Mishororo miwili ya kwanza ni ya jana isiyorudi. Wa tatu ni wa leo, na kanuni ya darasani ingeukata alama. Wa mwisho ni wa kesho, ambayo bado imo mikononi mwetu. Atakayeutafsiri kwa Kiingereza bila kumfufua mama wala kuifunga kesho, huyo amekwisha kuzielewa sentensi za masharti.