Kabla ya karia na taa za spoti, kinga tumbo la gari

Leo sizungumzii mbegu wala viuatilifu. Nazungumzia gari la shamba, kwa sababu ufuta usiofika ghalani hauna bei.

Kila baada ya mauzo mazuri utasikia kikundi fulani kimenunua gari lililotumika: Hilux, Land Cruiser mkonga, au hata kirikuu. Likishafika kijijini linapelekwa kwa fundi livalishwe. Orodha ninayoiona ni ileile: ngao ya mbele, taa za spoti, karia, rimu pana, redio. Chini ya gari hakuna aliyeinama kutazama.

Maoni yangu ni kwamba orodha hiyo imekaa kichwa chini. Breki, usukani na matairi vikishakuwa salama, fedha inayofuata iende kwenye bamba la kukinga sampu ya oili, gia boksi na tanki la mafuta. Mengine yasubiri.

Kwa nini huku kwetu

Anayeendesha kwenye lami tu, kutoka Nangurukuru hadi Lindi, hana haja ya bamba zito. Shida inaanza ukiiacha lami na kuingia njia za mashambani.

Angalia kalenda yetu. Mvua zinakatika Aprili au Mei, ufuta unavunwa kuanzia Mei hadi Julai. Huo ndio wakati matope ya masika yamekauka na kuacha mifereji migumu ya matairi, yenye tuta katikati. Nyasi nazo zimefikia kiuno. Mashamba mengi ya ufuta yamefunguliwa kwa kufyeka na kuchoma, na visiki vimebaki ardhini, vingine ndani ya njia yenyewe. Gari tupu linapita juu ya kisiki bila kukigusa. Likirudi na magunia, springi zimelala na tumbo limeshuka, linakigonga kisiki kilekile. Kwa hiyo gari huumia zaidi linapokuwa na mzigo, tena katikati ya msimu.

Upande wa pwani, njia za kushukia kwenye madau zina mawe ya matumbawe yenye makali. Sampu ya bati inabonyea. Sampu ya alumini inapasuka.

Hasara halisi

Sampu ikitoboka, oili inamwagika. Injini isiyo na oili haihitaji safari ndefu kufa. Dakika chache zinatosha kuunguza beringi, na hapo fundi atakwambia injini imenoki. Ulichokuwa ukikiokoa ni bamba la chuma. Unachokipoteza ni injini nzima.

Na si injini tu. Ufuta wetu unauzwa kwa mnada kupitia AMCOS na chama kikuu cha Lindi Mwambao. Mzigo uliokwama shambani hauingii kwenye mnada wa wiki hiyo, na bei ya mnada unaofuata huna uhakika nayo. Mkulima anayedaiwa ada ya mtoto hawezi kusubiri, atamuuzia mlanguzi anayekuja na kipimo chake. Kwa samaki ni mbaya zaidi, maana barafu haisubiri fundi.

Kumbuka pia spea kubwa zinatoka Dar es Salaam. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu hapa Kilwa, eneo la Somanga, na magari yakakwama pande zote mbili. Gari lililovunjika wakati kama ule linabaki juu ya magogo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Anza na nini

Fedha ikiwa ndogo, usijaribu kufunika kila kitu kwa mara moja. Fuata mpangilio huu:

1. Sampu na sehemu ya chini ya radieta. Hizi ziko mbele na ndizo zinazotangulia kugongwa. Magari mengi yanakuja na kifuniko chembamba cha bati au plastiki. Hicho ni cha kuzuia matope, usikihesabu kuwa ni kinga.

2. Gia boksi, pamoja na boksi linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele. Tuta la katikati ya njia linasugua hapa.

3. Tanki la mafuta. Kagua liko upande gani na limeshuka kiasi gani. Likiwa la plastiki, liharakishie zamu yake.

4. Paipu za breki na za mafuta zinazopita pembeni mwa chasisi. Mara nyingi hizi zinatosha kufungwa upya juu zaidi na kuwekewa kipande cha bati.

Difu na fito za usukani ni vigumu kuzifunika. Kwenye mkonga wenye ekseli nzima mbele, difu imeshuka kuliko sampu, hivyo dereva ajifunze kuiongoza pembeni ya kisiki, na fito zikaguliwe kila baada ya safari ya shamba.

Mwambie fundi haya

Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea bamba zuri bila kuagiza la nje. Lakini msimamie.

Unene: chuma cha milimita 3 hadi 4 kinatosha kwa gari la mizigo ya shamba. Mita moja ya mraba ya chuma cha milimita 4 ina uzito wa kilo 31 hivi. Bamba la sampu la sentimita 60 kwa 80 litakuwa na kilo 15, yaani chini ya robo ya gunia la kilo 100. Ukizidisha unene unajiongezea mzigo na kulishusha gari lilelile unalotaka lipite juu.

Umbo: ncha ya mbele ikunjwe kwenda juu kama omo ya mtumbwi, ili gari liteleze juu ya kisiki badala ya kukikumba. Yakiwa mabamba mawili, la mbele lipite chini ya la nyuma. Vichwa vya bolti visichomoze.

Nafasi: acha sentimita 2 au 3 kati ya bamba na sampu. Bamba lililobanana na sampu, likibonyea, linaivunja lenyewe.

Kufunga: tumia bolti kwenye chasisi, na bamba lisining'inie kwenye sampu wala gia boksi. Lisichomelewe moja kwa moja, maana siku ya kushusha gia boksi utalikata. Toboa tundu la kumwagia oili, na matundu mengine ya kutoa maji na matope. Usizibe njia ya upepo wa radieta.

Usalama: waya wa betri utolewe kabla ya kuchomelea chochote kwenye gari. Karibu na tanki la mafuta pasichomelewe kabisa. Vipimo vichukuliwe, bamba lichomelewe pembeni, kisha lije kufungwa.

Bamba nalo lina maudhi yake

Wapo watakaosema bamba linakusanya uchafu. Ni kweli, na hilo si dogo. Nyasi kavu zikijaa juu ya bamba karibu na egzosti zinaweza kushika moto. Msimu wa mavuno, kagua na uondoe nyasi kila jioni. Chumvi ya pwani nayo inakula chuma. Ukishashuka ufukweni, osha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na kila mwaka fungua bamba, kwangua kutu, paka rangi. Ukichagua alumini kwa wepesi wake, weka mpira kati yake na chuma cha chasisi, la sivyo vikigusana kwenye unyevu wa chumvi alumini italika.

Wengine watasema ni afadhali kuinua gari kwa springi ndefu. Kuinua kunasaidia, lakini gari la mzigo lililoinuliwa sana linayumba na kupinduka kirahisi, na watu wetu bado wanakaa juu ya magunia. Mimi nachagua bamba.

Wenye pikipiki nao wamo. Nyingi za barabarani injini yake inaning'inia wazi. Kipande cha bati nene chini yake, kilichofungwa kwenye fremu, ni kazi ya asubuhi moja.

Bamba halimpi dereva ruhusa ya kukimbia. Kwenye nyasi ndefu, utingo ashuke atangulie kwa miguu na panga. Mkisikia mgongo mzito chini, simameni, zimeni injini, angalieni kama kuna kinachovuja. Taa ya oili ikiwaka, msiendelee hata kama ghala linaonekana. Na kamba ya kuvutia gari isifungwe kwenye bamba, ifungwe kwenye ndoano ya chasisi.

Ombi langu kwa viongozi wa vikundi ni hili. Kwenye kikao cha kupanga matumizi, kabla hamjapitisha fedha ya taa na karia, mtumeni mjumbe mmoja alale chini ya gari na tochi, kisha aje kuwaeleza wanachama alichokiona. Bamba litengenezwe kabla gunia la kwanza la ufuta halijapakiwa.

Nawatakia mavuno mema.